Sanamu ya Baba Isiyo na Tarumbeta

Mnisamehe kwa mwandiko wangu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na barua moja hunichukua siku mbili.

Juzi nilipita Kyebando, mtaa wetu wa zamani, nikakuta mbele ya klabu ya dansi pamebaki zege tu. Sanamu iling'olewa wakati wa vita, labda iliuzwa vipande vipande. Nikakaa pale pale kwenye zege.

Nilikuwa na miaka minane watu wa mtaa walipoisimamisha. Ilikuwa ya viongozi wawili wa bendi ya klabu ile: mzee wa ngoma, aliyekufa kwa ugonjwa, na baba yangu, mpiga tarumbeta, aliyechukuliwa na watu wenye gari mchana kweupe, sisi tukimenya matoke uani. Siku zile hatukusema mtu amechukuliwa. Tulisema amesafiri.

Fundi wa sanamu kutoka Katwe alitaka shaba ya kuyeyusha, kwa hiyo kila nyumba ilitoa ilichonacho: bomba bovu, kufuli, vitasa vya milango. Jirani yetu, mke wa polisi, alileta maganda ya risasi ndani ya kikapu cha mihogo. Ikabaki tarumbeta ya baba, ambayo mama aliisugua kwa majivu na ndimu hadi chumba chote kikanukia.

"Nyabo, itoe," jirani alimwambia mama kwa heshima. "Shaba haitoshi, na mwenyewe haipulizi."

"Akirudi apulize nini? Sufuria yako?"

Jirani alicheka, kisha sauti ikashuka. "Dada, hii sanamu ni ya watu waliokufa."

"Umesema wewe. Mimi sijasema."

Hapo hata mimi nilielewa. Kuitoa ilikuwa sawa na kumzika.

Fundi alingoja wiki mbili, akachoka. Akamtengeneza baba mashavu yamevimba, vidole vimekunjwa mbele ya mdomo, hakuna kitu mkononi. Watoto wa shule walisema baba yangu anakula hindi la kuchoma. Nilicheka nao. Mama alipita pale kila siku akienda sokoni, shingo haikugeuka.

Mwaka jana mama alifariki bila kumwekea baba matanga. Tarumbeta iko kwangu. Sijui hata wimbo mmoja wa baba, kwani klabuni watoto hatukuruhusiwa. Wewe msomaji uliyecheza dansi pale, tafadhali niandikie wimbo wake mmoja. Hata ukikumbuka maneno ya mwanzo tu, yatanitosha.