Alama Chini ya Chupa ya Baba

Siku za Ijumaa kazi yangu ilikuwa kusugua chupa ya Baba. Nilikaa nyuma ya nyumba yetu pale Kamembe na jivu kwenye kibati, nikaisugua alumini hadi ikang'aa, kisha nikaijaza maji safi. Baba alikuwa mchuuzi wa vitenge. Alitembea na mzigo begani hadi kwenye masoko ya Gitambi, Nzahaha na Giheke, na chupa ile ilining'inia kiunoni kwake ili asikose maji ya udhu njiani. Hakuruhusu itiwe kitu kingine. Jirani mmoja aliwahi kumtania kwamba chupa ya askari isiyoonja pombe ni sawa na mjane. Baba alicheka, lakini chupa hakumwazima.

Aliipata ujanani, miaka michache baada ya uhuru, wakati askari wa kizungu wa kukodiwa walipofukuzwa Bukavu wakavuka daraja la Rusizi kuja upande wetu. Walinyang'anywa silaha, na vitu vyao vingine vikazagaa ukingoni. Baba alimpa mmoja wao kichane cha ndizi, naye akampa chupa. Ilikuwa imebonyea upande mmoja ili ikae vizuri kwenye nyonga. Kifuniko chake kilishikwa na kimnyororo, na chini kulikuwa na herufi tatu zilizogongwa kwenye alumini: A, B, L. Ni alama ya jeshi la Ubelgiji. Mimi nilizijua kabla sijajua maana yake, kwa sababu jivu lilikwama ndani ya herufi na ilinibidi kulitoa kwa kijiti.

Mama hakuwepo tena. Alifariki akimzaa Zaituni, mdogo wetu wa mwisho. Kati yangu na Zaituni kulikuwa na Yusufu. Mama alikuwa Mtutsi wa Gitambi, na mama yake, bibi yetu, bado aliishi huko peke yake.

Aprili ya mwaka wa tisini na nne, mauaji ya Watutsi yalipoanza, Baba alisema anakwenda kumleta Bibi. Wazee wa msikitini walimsihi asubiri kidogo. Akawajibu kwamba wanaoua hawasubiri. Nilimjazia chupa. Aliniambia nifunge mlango kwa komeo na nisimfungulie mtu asiyeniita kwa jina. Nilisikia kimnyororo kikigonga chupa mpaka alipokata kona.

Hakurudi. Bibi naye hatukumwona tena.

Jirani yetu Maman Asha, aliyefanya biashara ya mitumba na vyombo Bukavu, alituchukua kwake. Alipoona watu wanaanza kuuliza watoto hawa ni wa nani, aliamua kutuvusha. Njia nzima alitufundisha: sisi ni wanawe, baba yetu anatungoja Bukavu, na asiyeulizwa asiseme.

Kizuizi cha mwisho kilikuwa kwenye mteremko wa kushukia darajani.

Vijana walikuwa wamekaa juu ya magogo. Mmoja alikuwa na panga magotini, na kiunoni chupa ya askari ndani ya mfuko wa turubai.

Niliitazama.

"We mutoto, unaangalia nini?"

Maman Asha alinibana mkono. Kijana aliposimama, kimnyororo kiligonga chupa.

"Maji, Papa," nikasema. "Batoto bako na kiu."

Wenzake walicheka kusikia akiitwa Papa, naye hakuwa na hata ndevu. Mmoja akamwambia basi, Papa, nywesha familia yako. Akafungua kifuniko, akanipa.

Nilimnywesha Zaituni, kisha Yusufu, kisha nikanywa mimi. Sehemu ya chini ilikuwa ndani ya mfuko. Ningeweza kuivuta juu kidogo, kama kwa bahati mbaya, nikaona. Vidole vyangu vilikuwa tayari kwenye turubai. Lakini kama ningezikuta herufi zile, uso wangu ningeuficha wapi?

Nikamrudishia. Nikasema aksanti.

Tukapita.

Shule yangu iliishia upande ule wa mto. Miezi michache baadaye jeshi lililoshindwa lilivuka nalo. Askari waliacha silaha mpakani, wakauza kila kilichobaki mwilini, na soko la Bukavu likajaa mikanda, sahani za bati, mahema na chupa. Maman Asha alinunua, mimi nikapanga kwenye turubai na kuuza, maana Yusufu na Zaituni walipaswa kula. Yeye ndiye aliyenifundisha kutambua asili ya vitu hivyo. Muuzaji, alisema, hata ukimuuliza kwa upole atasema uongo. Geuza chini. Za Wabelgiji zina herufi zao tatu na mwaka. Za Wamarekani zina umbo lile lile na kimnyororo kile kile, lakini chini zimeandikwa U.S. Za Wachina zimepakwa rangi ya kijani na vifuniko vyake ni vya plastiki.

Niligeuza kila chupa iliyopita mikononi mwangu. Maman Asha aliwaambia watu kwamba nina kichwa cha biashara. Sikumpinga.

Tuliporudi Kamembe, vitu vya kijeshi havikuuzwa tena hadharani. Nikaanza na sufuria na viatu vya mitumba, nikawasomesha wadogo zangu. Yusufu akawa mwalimu. Zaituni akaolewa Giheke. Lakini hata leo nikiona chupa ya namna ile kwa mchungaji wa ng'ombe au kwa fundi ujenzi, namwomba niishike kidogo.

Miaka mingi baadaye mkulima mmoja wa Gitambi alifukua mifupa ya watu kadhaa shambani. Tuliopotelewa na ndugu upande ule tuliitwa kuja kutazama. Nguo zilikuwa zimetandazwa juu ya mkeka, au vile vipande vilivyobaki. Pembeni kulikuwa na chupa ya alumini iliyobonyea upande mmoja, na kipande cha mnyororo.

Yusufu alipiga magoti. Alikuwa mtu mzima, lakini alilia kama siku ile ya kwanza tulipolala bila Baba.

"Yaya, ni yenyewe," aliniambia, akiniita kama mdogo amwitavyo mkubwa wake. "Tumuzike Baba. Inatosha."

Upande wa pili wa mkeka alikaa mama mmoja mzee kutoka Giheke. Mwanawe alikuwa mchungaji wa ng'ombe, na alikuwa na chupa ya askari iliyonunuliwa Bukavu. Hakukumbuka alama yoyote. Alijua tu kwamba ilikuwa ya namna ile.

Niliichukua chupa. Niliomba maji, nikauondoa udongo taratibu kwa ukucha. Zaituni alisimama nyuma yangu, mkono wake mgongoni kwangu. Nilitamani udongo usiishe.

Ilikuwa U.S.

Yusufu alisema herufi zimekaa ardhini miaka yote hii, pengine zimefutika.

"Zinafutika," nikamjibu. "Hazigeuki."

Akanikumbusha kwamba Baba alielekea Gitambi, kwamba njia ni ile, kwamba chupa si mtu. Alikuwa na haki. Mimi sikusema kwamba Baba hakuwa kwenye shimo lile, kwa maana mifupa haikuniambia lolote. Nilisema tu kwamba kilichokuwa mkononi mwangu si chake, na kwamba siwezi kuliweka jina lake juu ya mtu nisiyemjua mbele ya mama anayemtafuta mwanawe.

Yule mama aliniuliza kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya chini, "Basi inaweza kuwa ya wangu?"

"Inaweza, Maman. Sina hakika."

"Inaweza inanitosha," akasema.

Nikamwekea mapajani. Yusufu akainuka akaondoka. Aliponipita aliniambia kwamba nimemnyima Baba kaburi, na ulipita muda mrefu kabla hajakanyaga tena nyumbani kwangu. Simlaumu. Alikuwa akiomba mahali pa kukaa na huzuni yake, nami nilikuwa na uwezo wa kumpa kwa neno moja tu.

Walizikwa pamoja, wenye majina na wasio na majina. Yule mama alishika jeneza moja kwa mikono miwili. Mimi na Zaituni tulisimama nyuma ya watu. Ijumaa iliyofuata msikiti wa Kamembe ulimswalia Baba swala ya ghaibu, inayoswaliwa maiti asiyekuwepo. Yusufu alikuja, akaswali safu ya mbele, akaondoka bila kunitafuta.

Kama nilikunywa maji ya Baba mkononi mwa aliyemuua, sijui. Kama amelala Gitambi, sijui. Mwislamu akipita makaburini huwasalimu waliolala. Sisi tukienda Gitambi tunaanza kutoa salamu tukitoka mjini, na hatunyamazi mpaka tufike, kwa sababu hatujui ni wapi.