Wimbo ya Kaka Yake, Sura Yangu

Dada mumoja wa kikundi yetu ya teatre, wa mutaa wa Mutakura, alitunga wimbo juu ya kaka yake. Kaka alikufa vita ilipoanza, familia ikatawanyika, hawakuweza kukutana kuondoa kilio, kumaliza matanga vile inavyotakiwa. Dada akasema, "Nitaiondolea kwenye jukwaa. Watu wanyamaze tu, wasikie. Inatosha."

Mchezo ilikuwa ya kuimba, mwanzo mpaka mwisho. Mi nilikuwa mutu wa kuchekesha. Shule niliacha katikati, lakini kuanguka na godoro kichwani, hapo nilikuwa profeseri. Sasa saa ya kuvrefe, ile marufuku ya kutembea usiku, ikasogezwa, watu walitakiwa kuwa nyumbani mapema zaidi, na mukubwa wetu akasema lazima tukate kitu: wimbo yake ao godoro yangu.

"Watu wanakuja kucheka," akasema.

Dada akajibu, "Sawa." Mi nikaangalia viatu vyangu.

Mwaka uliofuata, mutu wa filme akapita kwetu kutafuta muziki. Dada alikuwa anafua nguo za mchezo, anaimba. Bwana akasimama. "Hiyo! Hiyo ndio nataka." Tulifurahi sana. Mi pia akanichukua, mu filme nikimbie vita na godoro yangu, bila mizaha. Nilikimbia kwa huzuni ya kweli, sikuanguka hata kidogo. Hakuna aliyeniambia bwana ataweka picha gani na wimbo gani pamoja.

Siku ya kuonyesha filme, mu sale moja, ukumbi ya mutaa wa Rohero, dada alikuja na mama yake, wote wamevaa imvutano, vitambaa vya heshima, kama watu wa sherehe. Nikakaa nao. Sauti yake ikaanza. Kimya. Mama akafunga macho.

Halafu mu filme nikatokea mimi na godoro, nakimbia.

"Ataanguka huyo!" mutu wa nyuma akapiga kelele. Sale yote ikapasuka. Nikasimama: "Jamani, nyamazeni! Ni wimbo ya kilio!" Wakaniona mwenyewe, wakacheka mpaka kupiga viti.

Mama akauliza, "Wanacheka nini?"

"Wamefurahi, mama," dada akasema.

Mama akapiga makofi.

Inje nilishindwa hata kusema pole. Dada ndiye akanishika mukono.

"Haukuanguka," akasema. "Niliangalia vizuri."

Angenitukana tu, usiku ule ningelala.