Ya Victoire na Mashine ya Mioyo Minne

"Ya Victoire, juu ya nini uko unaitesa mashine yenye haikukosa kitu?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa bado mwaka wa saba shuleni, nimesimama mlangoni mwa chumba chake, vidole masikioni. Kelele iliyokuwa ikitoka mle ilifanana na kinu cha kusagia mihogo. Juu ya meza kulikuwa na kompyuta iliyovuliwa ubavu mmoja, matumbo yote nje, na mbele yake feni kubwa ya nyumbani, ile ya kupepea wageni, inaipepea yenyewe. Ya Victoire alikuwa amekaa juu ya bidon ya maji, anakula maharagwe na avoka, anaitazama kama mtu anayetazama mechi.

"Nyamaza kwanza," akaniambia. "Iko mu mtihani."

Jibu hakunipa. Mimi nikaingia, nikakaa chini, na kwa kweli tangu siku ile sijaacha kumshangaa.

Tunaishi naye uwanja mmoja hapa Katindo, mtaa wa Goma, na kwa kuwa amenizidi umri namwita Ya, yaani dada mkubwa. Alizaliwa Kalengera, kwenye barabara ya kwenda Rutshuru, akaletwa Goma akiwa mdogo, akasoma informatique, masomo ya kompyuta, miaka michache, akaacha. Anavaa kofia nyekundu hata ndani ya nyumba. Anaimba vibaya na anajua kwamba anaimba vibaya. Akikasirikia waya, anaitukana kwa Kinande, lugha ya mama yake. Na si mtu wa kujishusha hata kidogo: ukimsifu, anakuambia umesahau kitu, anajiongezea mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kupiga filamu za harusi na kuzionyesha papo hapo kwenye ukuta wa ukumbi. Kwa kazi ile alihitaji mashine yenye nguvu, na yake ilikuwa nzee. Aliiunganisha kutoka kwenye kompyuta zilizotupwa na ofisi moja ya Himbi. Prosesa yake, yaani ile sehemu inayofikiri, ilikuwa na mioyo minne, ndivyo mafundi wa hapa wanavyosema: inaweza kushika kazi nne kwa mara moja. Ya Victoire aliingia kwenye mipango yake ya ndani akaiamuru ikimbie kupita mwendo uliowekwa kiwandani.

Nilishtuka. Sikujua kama mtu anaweza kufanya vile, mtu wa parcelle yetu, wa uwanja huu huu, kuwaambia watu wa kiwanda: hapana, hii inaweza zaidi.

"Na ikikataa?" niliuliza.

"Ndiyo maana ya mtihani."

Mtihani wenyewe ulikuwa programu moja tu. Inaipa mioyo yote minne hesabu ndefu ndefu ambazo majibu yake yanajulikana tangu zamani, inazirudia bila kupumzika, mashine ikiwa ya moto kabisa. Jibu likitoka sawa, inaendelea. Likitoka tofauti, inaandika mstari mwekundu.

Nilikuwepo mstari mwekundu ulipotoka.

"Ni nini hii?"

"Moyo wa tatu umekosa hesabu," alisema, bado anatafuna.

"Kompyuta imekosa hesabu?"

"Umesikia muzuri."

"Kompyuta?"

"We Laurence, unataka nikuimbie?"

Maître, mwalimu wetu darasani, alikuwa ametuambia kwamba kompyuta haikosei, anayekosea ni mtu. Mimi nililiamini neno hilo kama ninavyoamini kwamba ziwa liko chini na volkano iko juu. Na kilichonitisha zaidi ni kwamba mashine haikuonyesha ugonjwa wowote. Muziki ulikuwa unacheza. Picha zilikuwa zinatembea. Ilikosea na uso mkavu, ikataka kuendelea na safari.

Gentil, kaka yake anayeendesha pikipiki, alichungulia mlangoni akaanza kumcheka.

"Kosa moja tangu asubuhi! Dada, unatafuta malaria ku mutu mwenye anakula muzuri."

"Na pikipiki yako? Haina frein ya nyuma tangu Noeli, na unasema iko muzima kwa kuwa haujaingia mu shimo."

"Haijanitupa."

"Ndiyo vile nasema. Utajua siku yenye itakutupa, na abiria nyuma."

Gentil aliondoka anacheka, lakini nilimwona anapiga ile breki kwa mguu, anaijaribu.

Sasa, sababu ya mateso yote yale ilikuwa na jina: Kaswera, rafiki wa Ya Victoire tangu shule ya msingi. Alikuwa anaolewa. Baba yake, Papa Evariste, mfanyabiashara wa kahawa, alikuwa Butembo, na barabara ilikuwa imekatika kwenye Rutshuru kwa sababu ya vita. Ndege aliikataa kabisa. Muzee ambaye alisafiri maisha yake yote juu ya lori alisema hawezi kupanda kitu chenye hakiwezi kusimama njiani mtu ashuke. Basi ikaamuliwa atoe baraka akiwa kulekule, kupitia mashine, sura yake ionekane kwenye ukuta wa ukumbi.

Kwao binti haondoki bila neno la baba, na neno hilo linasemwa mpaka mwisho. Halikatizwi. Mashangazi walikuwa wameshaanza kunong'ona, na Kaswera akaja chumbani kwa Ya Victoire macho mekundu.

"Vicky, banasema: baba ndani ya ukuta, na ikikatika katikati? Baraka nusu ni baraka gani?"

"Haitakatika."

"Haubajue. Mutoto akigonjwa, batasema ni juu ya baraka kukatika. Bwana akikosa kazi, batasema ni baraka. Batanisema mpaka nazeeka!"

"Kaswera. Niangalie. Papa yako atasema mpaka achoke yeye mwenyewe. Haitakatika."

"Apa."

Akaapa. Nilimsikia, na mimi nilikuwa nimeuona ule mstari mwekundu kwa macho yangu na Kaswera hakuuona.

Kuanzia hapo mashine haikupumzika. Ya Victoire alishusha mwendo kidogo, akaongeza umeme kidogo, akaanza mtihani upya. Umeme wa mji ukakatika katikati, akatukana, akaanza upya. Vumbi letu jeusi la mawe ya volkano likajaa kwenye mabawa ya feni ya ndani, akalisugua na mswaki, akaanza upya. Siku moja aliifunga ubavu makusudi, akaizimia feni kubwa, akakaa anatazama namba ya joto ikipanda. Nikamuuliza kama amechanganyikiwa. Ikafika degré mia, na pu! Kioo cheusi, kimya.

Nilipiga kelele. Nilidhani imekufa.

"Haijakufa," alisema anacheka. "Ikifika mia inajizima yenyewe, isiungue."

Halafu akaiwasha. Na akairudisha palepale, kwenye mia, ikazimika tena mbele ya macho yangu. Makusudi! Mashine ambayo alimwapia rafiki yake! Nilimwendea mama jikoni kumwambia Ya Victoire ana shida kichwani. Mama akasema nikachambue mchele.

Mwishowe ilishinda. Kutwa nzima mioyo minne ilijibu sawa, bila mstari mwekundu hata mmoja, na Ya Victoire akatoka nje akacheza peke yake uwanjani mpaka kofia ikadondoka.

Jumamosi ya harusi, ukumbi ulikuwa Himbi, upande wa ziwa, mahali penye internet nzuri. Mapambo yalikuwa mikononi mwa Mama Julienne, ambaye anapamba karibu harusi zote za watu wanaojiheshimu mjini hapa. Kwake kila kitu lazima kiwe cheupe. Viti alivivisha satin, kile kitambaa cha kung'aa, meza alizivisha satin, hata nguzo. Alipoiona mashine chini, pembeni ya meza ya maharusi, ikiwa na ubavu wazi na feni kubwa mbele yake, alishika kiuno.

"Na hii sanduku ya mifupa itakaa hapa, mbele ya bibi-arusi?"

"Mama Julienne, inapaswa kupumua."

"Kupumua na nini? Iko na mapua?"

Wanawake wakacheka. Ya Victoire naye akacheka, akatoka nje na mimi kufunga waya wa antena. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, kutoka. Tuliporudi watu walikuwa wameshajaa, tukaenda moja kwa moja kwenye viti vyetu vya pembeni, akashika kazi bila kuitazama mashine.

Papa Evariste akatokea ukutani. Kwanza tuliona pua tupu, kwa sababu alikuwa amekaribia simu mno. Mtu wa kwake akamvuta nyuma, tukamwona mzima, na koti na tai. Kaswera akapiga magoti mbele ya ule ukuta. Watu wote wakanyamaza, na muzee akaanza kusema, taratibu, kama mtu anayepanga magunia stoo na hataki hata moja likae upande.

Mimi nilikuwa natazama namba ya joto kwenye kioo kidogo mbele yetu, kwa mazoea tu. Themanini. Nikaona si kitu. Themanini na sita. Tisini.

"Ya Victoire," nilinong'ona, "mbona inapanda?"

Akaangalia. Akageuka kutafuta feni kubwa. Feni ilikuwa imehamishwa, inampepea mama mkwe wa Kaswera. Akageuka kwenye mashine, na mashine haikuonekana. Palikuwa na kilima cheupe cha satin, kimefungwa na pini na maua.

Alinyoosha mkono akivute kile kitambaa, na ukumbi mzima wa vitambaa ukatikisika. Satin yote ilikuwa pande moja! Mama Julienne alikuwa ameitoa kwenye paa la maua juu ya kichwa cha Kaswera, akaipitisha mezani, akaishusha mpaka juu ya mashine. Ukivuta, paa lote na taa zake linamwangukia bibi-arusi. Na upande wa pili Mama Julienne mwenyewe alikuwa anatikisa kidole: usiguse!

Tisini na nne. Papa Evariste alikuwa anataja majina ya mababu, mmoja mmoja.

Tisini na sita.

Ya Victoire akasimama. Alipita mbele ya watu wote, na kofia yake nyekundu, akafika kwenye meza ya keki, akachukua kisu. Kile kisu chenye utepe. Keki yenyewe bado haijakatwa. Mwanamke nyuma yangu akasema, "Yesu wangu, anaenda kumuchoma nani?"

Akarudi kwenye mashine, akapiga magoti, akachoma satin, akaipasua kutoka juu mpaka chini.

Kraaa!

Sijawahi kusikia sauti kubwa vile ndani ya kimya kikubwa vile. Watu walisimama. Mama Julienne alishika kichwa. Ya Victoire hakumtazama mtu. Alipanua ule mpasuko kwa mikono miwili, akanyakua sinia kwenye meza ya vinywaji, soda zikamwagika, akaanza kuipepea mashine kama mtu anayewasha jiko la makaa. Tisini na nane. Namba ikakaa pale. Ikakaa. Halafu tisini na saba, na mimi nikajikuta nalia bila kujua nimeanza saa ngapi.

Kule Butembo muzee hakuona kitu. Alimaliza mababu, akaingia kwa watoto watakaozaliwa, akawaombea mvua na afya na akili za shule. Akasema amina yake. Akakaa kidogo, akasema ya pili, kwa sababu ya kwanza haikumtosha. Ndipo alipochoka yeye mwenyewe.

Kaswera akainuka, akafuta uso, akageuka.

"Kuna nini? Mbona wote mumesimama?"

Halafu ukumbi ukalipuka. "Kisu ya keki! Na keki haijakatwa!" Mama Julienne alikuwa analia kweli kweli, ameshika kipande cha satin kama mtu aliyeokota nguo ya mtoto wake. "Ulikuwa na mudomo, Victoire! Si ungesema tu!"

Kwa miaka hii yote Mama Julienne hajamsalimu Ya Victoire. Na kila alipopamba, Ya Victoire hakuitwa. Ukitaja jina lake kwa watu wa harusi, wanakuuliza, "Ule wa kisu?" Aliacha harusi, akaanza kurekodi kwaya za parokia na kutengeneza kompyuta za watu. Mtoto wa Kaswera alipougua mwaka jana, hakuna shangazi aliyesema baraka ilikatika. Walisema ni kwa sababu kitambaa kilipasuliwa. Kaswera alipotuletea habari hiyo alikuwa anacheka. "Ya kitambaa baseme tu," alisema. "Papa alimaliza." Na Papa Evariste hajafika Goma mpaka leo.

Mimi sasa niko humanités ya tatu, karibu kumaliza sekondari, na bado kuna kitu kilikuwa kinanisumbua. Juzi nilimkuta Ya Victoire anapaka prosesa ya mteja ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, nikaona nimuulize, mara moja iishe. Nikamwambia: ile siku Mama Julienne alikuwa hatua chache tu kutoka kwako. Pini zilikuwa zake. Ungemwomba azitoe, leo ungekuwa na harusi kila Jumamosi. Juu ya nini haukumwomba?

Alifuta vidole. Alinitazama mpaka nikaona haya.

"Ulikuwaka mudogo, ukaniuliza juu ya nini natesa mashine yenye haikukosa kitu."

"Na haukunijibu."

"Niliizimisha mule mu nyumba mara mingi, makusudi, mpaka nikajua inafia wapi," alisema. "Ile siku ilibakia degré nne, na pini zilikuwa mingi. Kama singejua, Laurence, ningekuwa na adabu."