Vifungo vya Mjerumani

Juzi, katika duka la mitumba hapa Stockholm, niliona picha ya askari wa Kijerumani wa zamani, nikatamani kuipasua.

Picha ya askari wetu ilitundikwa sebuleni kwetu Rågsved, mtaa wa hapa Stockholm, nilipokuwa mtoto. Mama alisema ni babu yake, askari aliyegeuka mlowezi na kufungua shamba la kahawa Usambara. Alasiri ile nyumba ilinukia maandazi na soksi zilizolowa theluji. Nilikuwa namchora kwa ajili ya shule, nafuta na kurudia vifungo vya koti lake, ndipo Bibi, mama mzazi wa Mama, aliyetutembelea kutoka Lushoto, alipoinama kutazama.

"Na mama yangu umemchora wapi?"

"Hana picha, Bibi."

"Mwache, Mama," mama yangu alidakia. "Wenzake wajue naye ana damu ya Ulaya."

"Damu! Mimi alinizaa, nikamchumia kahawa yake, na hata salamu hakunipa. Wanawe wa Kizungu ndio waliokula naye mezani."

Akaenda jikoni. Nilidhani mchoro wangu ni mbaya, nikavichora vifungo upya, vikang'aa.

Hadi leo nakasirika. Vile vifungo naweza kuvichora nimefumba macho, lakini jina la mama yake Bibi silijui, na Bibi wa kumuuliza hayupo.