Karatasi Chini ya Kisigino

Mkandaji wa zahanati ile hakai chini. Chai anainywa amesimama, mkate anautafuna huku akikunja taulo, ndiyo maana wenzake wamembatiza Kiguu na Njia. Miaka kumi na tisa amekanda miguu ya watu: vifundo vilivyoteguka, visigino vinavyouma asubuhi mtu akishuka kitandani. Lakini wiki hii hangaiko lake lilipita kiasi. Daktari mkuu alimwambia wazi: "Dada, Ijumaa nionyeshe kama mikono yako inasaidia. La sivyo, chumba chako tunakifanya stoo."

Eti kama inasaidia! Alitoka pale kwa hasira. Hasira ilipopoa, swali likabaki, likamkera kama kijiwe ndani ya kiatu. Kweli, inasaidia?

Kipimo alikuwa nacho. Mgonjwa anatanguliza mguu mbele ya ukuta, anakunja goti mpaka liguse ukuta, kisigino kikiwa chini. Mguu ukiwa mbali zaidi na ukuta, kifundo kimelegea zaidi. Daftari lake lilijaa namba za kupendeza. Kila aliyekandwa, sentimita zilipanda papo hapo. Zilipanda mno, jamani, hata kwa waliotoka wakichechemea!

Jumatano akapata wazo. Akawa anatelezesha karatasi chini ya kisigino, goti likigusa ukuta anaivuta. Ikitoka, mtu kainua kisigino. Basi ikatoka kwa fundi bomba, ikatoka kwa mwalimu, ikatoka hata kwa bibi mmoja mchamungu. Wote wakachekacheka: "Hatukutaka kukuvunja moyo, mama."

Alhamisi akaja dada yake, fundi cherehani, aliyetegua kifundo mwezi uliopita. Akakandwa, akasimama ukutani.

"Sentimita tisa! Maumivu sifuri, mdogo wangu."

Karatasi ikatoka bila kukwama.

"Dada! Hata wewe unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa?"

"Ulitaka nifanyeje? Wakifunga chumba hiki, utakufa kwa mawazo."

"Na mguu je?"

Dada akainamisha kichwa. "Cherehani siikanyagi. Vitambaa vya wateja nimevirudisha."

Mkandaji alijisikia vibaya, akatamani kulia. Akaanza upya. Kabla ya kukanda, karatasi ikiwa imebanwa: sentimita tatu. Baada ya kukanda: nne. Akamwonyesha mazoezi ya nyumbani, kisha akazikata kwa kalamu nyekundu kurasa zote za zamani.

Ijumaa daktari alifunua daftari. "Sentimita moja? Mgonjwa mmoja?"

"Mmoja. Na karatasi haikutoka."

Daktari akalitazama daftari, akamtazama yeye. "Niletee wengine wa hivi. Stoo itasubiri."

Mkandaji alikuwa keshafika mlangoni, simu sikioni. "Dada, asubuhi na jioni, ukutani, kisigino chini. Na ukiumwa, sema unaumwa. Ukinidanganya tena, cherehani hutaikanyaga, na mimi ndiye nitakayekuwa nimekulemaza."