Nilirekodi besi ya Bahati kwa waya tu, mama yake alikuwa anatafuta kingine

Amahoro wakuu,

Hii sijasimuliwa na mtu. Imenipata mimi mwenyewe hapa Rumonge, kando ya ziwa, na bado inaniuma.

Nina studio ndogo, chumba kimoja, ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga mihogo. Ukiweka mic mbele ya amplifier ya besi, mashine nayo inaingia kwenye wimbo.

Kwa hiyo besi narekodi direct. Waya inatoka kwenye gitaa, inapita DI box, kile kisanduku cha kuunganisha, inaingia kwenye kompyuta. Gain usiipandishe sana, sauti isifike kwenye nyekundu. Compressor ya kusawazisha sauti, kidogo tu.

(Watu wa amplifier, najua mpo. Tutabishana siku nyingine.)

Hivyo ndivyo nilivyomrekodi Bahati, mpiga besi wa kwaya yetu. Kazi ilitoka safi, nikawa natamba nayo.

Baadaye Bahati akafa kwa ajali ya pikipiki, njia ya Kabezi.

Ilipokaribia levée de deuil, yaani siku ya kuondoa matanga, mama yake akaja studio. Anauza ndagala, hawa dagaa wetu, huko Gitaza. Akaniambia, "Mutoto wangu, nataka kumusikia Bahati. Kwa simu yangu haiko hata sauti yake kidogo."

Nikamvisha headphones. Nikazima kwaya na ngoma, nikaacha besi peke yake. Hata vidole vikiteleza kwenye nyuzi vilisikika. Nilijua nimemfurahisha.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Na yeye iko wapi?"

Sikuelewa.

"Bahati akipiga, anaimba chini-chini. Tangu mudogo."

Wakuu, ni kweli kabisa. Aliimba pale kwenye kiti, karibu yangu. Lakini waya inachukua nyuzi tu. Nilifungua take zote, hata zile mbovu tulizoziacha. Hakuna hata pumzi yake.

Mama akavua headphones, akaziweka mezani. "Zima tu, baba. Hii ni gitaa."

Nilishindwa hata kumsindikiza barabarani.

Nilichojifunza: direct sitaiacha, ni nzuri. Ila siku hizi nawasha na mic moja pembeni ya mpigaji, kwenye track yake peke yake. Mashine ya jirani ikiingia, iingie.

Nyie wenye studio mnafanyaje? Semeni hapo chini.

Na kama kuna mtu wa huku ziwani aliwahi kumrekodi Bahati kwa simu kanisani, hata kipande kifupi kibovu, aniandikie. Nitakipeleka Gitaza mwenyewe.