Bipu Tatu za Jambiani

Mnara wa Jambiani niliugawa mimi. Sikuwekewa kisu shingoni. Miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili nilikuwa fundi wa mitambo katika kampuni moja ya simu, ofisi yetu Mji Mkongwe, kiyoyozi kinavuma mpaka tunavaa masweta. Mnara ule ulikuwa na njia chache. Watu wachache wakizungumza kwa pamoja unajaa, na anayefuata haingii. Mahoteli ya pwani yakalalamika kwamba wageni wao wanataka kupiga makwao na hawapati. Mkubwa wetu akaniita, akasema, "Kila mteja apewe huduma kwa haja yake. Tafuta namna."

Maneno matamu, siyo? Nikakaa wiki nzima mbele ya kompyuta, natazama nani anapiga na kwa muda gani. Nikakuta njia zinaliwa na bipu. Mimi ni mtoto wa Jambiani, mama yangu kavunja mgongo kwenye mwani ndipo nikasoma, na wanawake wa mwani nawajua: hawapigi simu, wanabipu. Inalia mara moja, wanakata. Bipu moja, nimefika. Mbili, maji yanakupwa, tushuke. Kwenye skrini yangu yote hayo niliyaona takataka. Nikawapanga wateja madaraja matatu: la kwanza mahoteli na wakubwa, la pili wanaozungumza, la tatu wanaobipu. Njia zikikaribia kujaa, daraja la tatu asiingie mtu. Nilijiona bingwa, wallahi.

Nikawatia na wangu daraja la kwanza: rafiki zangu wawili wa barazani, na msichana niliyekuwa nikimtaka. Ijumaa moja nilikwenda kwetu kumwamkia mama. Alikuwa uani anafunga mwani kwenye kamba. Akaniambia, "Nnasikia unawapa watu njia. Na mie nipe, mwanangu." Simu ya nyumba ilikuwa moja tu, anaishika dada yangu, wanaitumia wote. Nikacheka. "Mama, njia ya nini, na nyinyi mnabipu tu?" Dada akacheka. Mama naye akacheka, akaendelea na kamba zake.

Mama alikuwa na pumu. Tulikuwa tumekubaliana: bipu tatu, nichukue gari ya ofisi nije. Makubaliano hayo niliyaweka mimi, mimi huyu huyu, na nilipokuwa naandika daraja la tatu hayakunijia akilini hata kidogo. Yarabi, mtu anawezaje kuwa mpumbavu kiasi hicho, tena msomi?

Siku ilipofika ilikuwa saa nne asubuhi, mahoteli yamefurika, na mimi nimesimama mbele ya mkubwa namwonesha mchoro wa mnara. "Tazama, hakuna mgeni hata mmoja aliyekataliwa leo." Akanipigapiga begani. Simu yangu ilikuwa mfukoni, kimya. Saa nane, wageni walipokwenda kula, njia zikafunguka, na simu ikalia. Alikuwa dada. Ililia mara moja, mara mbili, mara tano, hakukata. Nikajua kabla sijapokea, kwa sababu dada yangu alikuwa hajawahi kunipigia.

Mama alikata roho juu ya gari la ng'ombe, njiani kwenda hospitali, dada kampakata kichwa. Gari pekee la kijijini lilikuwa limekuja mjini. Tulimzika kabla ya magharibi. Siku ya tatu, baada ya hitima, dada akanishika mkono akanivuta pembeni.

"Nlikubipu, kaka. Tatu, nikangoja. Tatu tena, nikangoja. Kila mara nasikia inatumika, nikasema unazungumza, ukimaliza utaona. Nikamwambia mama, tulia, yuaja. Akawa anatazama barabara tu."

"Mtandao, dada," nikamjibu. "Mtandao ulikuwa mbaya."

"Kadari ya Mungu," akasema, akanifuta machozi kwa ncha ya kanga yake. Kanifuta machozi mimi!

Jumatatu nikarudi kazini, nikafungua kumbukumbu za mnara. Namba ya dada ilikuwapo, mstari chini ya mstari, ishirini na moja, na ubavuni mwa kila mmoja maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu: daraja la tatu, asiingie. Nilikuwa bado naifuata kwa kidole, mkubwa wetu alipopita nyuma yangu. Akanipa pole ya msiba, kisha akauliza kama mpango ule unaweza kuwekwa kwenye mnara wa Nungwi pia, kabla msimu wa wageni haujapamba moto.

"Naam," nikasema, "unaweza." Na nikauweka.